Mwalimu wa Jumamosi

Nilifukuzwa shule kwa ajili ya kengele. Hiyo ilikuwa misheni, Ushirombo, nikiwa darasa la pili, na padri alinipa kazi ya kupiga kengele ya saa sita mchana kwa sababu nilikuwa mrefu na kamba niliifikia bila kupanda kiti. Saa sikujua kuisoma. Nilitazama kivuli cha mnara; kikigusa jiwe fulani, napiga. Sasa mwaka mmoja wa njaa, ndege walikuwa wamemaliza mtama, nikaona kivuli kinajivuta. Nikalisogeza jiwe. Watu wakaacha majembe, masista wakaacha kufua, wakasali sala ya mchana jua likiwa bado la asubuhi, na uji ukapakuliwa haujaiva. Padri hakunichapa. Aliniuliza kama nilikuwa nimemsikiliza shetani au tumbo. Nikasema tumbo, Padri. Akasema basi, lifuate.

Nikalifuata. Lilinipeleka Geita kwa mjomba wangu aliyekuwa akichimba dhahabu. Mjomba aliponiona nashika sururu kama mtu anayeogopa kuiamsha, akanitoa shimoni akaniweka jikoni. Huko ndiko nilikojifunza kupika, nikiwapikia wanaume wanaokula bila kutazama sahani. Kutoka Geita nikazunguka na sufuria zangu, huku miaka sita, kule miaka minne, nikaoa, nikapata binti yangu wa kwanza, Limi, mpaka nikajikuta Songwa, upande ule wa mgodi wa almasi, sina kazi, nimekaa kwenye ukuta wa bwawa natazama watu wakinywesha ng'ombe. Ndipo Landrova moja ikasimama, injini haikuzimwa, na mzungu mmoja akachungulia akaniuliza kwa Kiswahili cha mashimoni kama namjua mpishi asiyeuliza maswali mengi. Nikamwambia ndiye mimi. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, maana maswali ninayo mengi mpaka leo.

Watu wa pale walimwita Mwalimu wa Jumamosi. Mimi nilimwita Mwalimu tu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikujua na hakunieleza, na kwa kuwa yeye hakuniuliza kuhusu ile kengele, niliona tuko sawa. Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchimba visima. Alikuwa na mashine ya kutoboa ardhi, na vijiji vingi kutoka Mhunze mpaka huku vilikunywa maji aliyoyatafuta yeye. Ila siku ya Jumamosi hakugusa hata spana.

Alikuwa Myahudi. Mimi Wayahudi niliwajua wa kwenye katekisimu tu, nikadhani waliisha zamani. Siku aliponiambia nilimtazama miguu nione kama amevaa ndala zile za kwenye picha za kanisani. Alikuwa amevaa buti za mpira, zina tope.

Kazi aliyoniajiria haikuwa ya visima. Ilikuwa kambi. Mara mbili kwa mwaka, shule zikifungwa, vijana wa Kiyahudi walikuja pale Songwa kutoka Nairobi, Kampala, Moshi, Mwanza, watoto wa wafanyabiashara, wa madaktari, wa mafundi. Walifika Alhamisi wamechoka na vumbi, wakaondoka Jumapili. Siku hizo chache aliwafundisha uongozi. Mimi niliposikia neno uongozi nilidhani anawaandaa wawe wakuu wa wilaya. Akaniambia hapana. Akasema watu wake katika nchi hizi ni kama mbegu zilizomwagika gunia likitoboka njiani, moja huku, moja kule, na popote ilipoangukia mbegu lazima awepo mmoja anayeweza kusimama mbele ya wenzake, kuanzisha sala, kumzika mtu, kumaliza ugomvi. Hapo nikaelewa. Hata wachimbaji shimoni wakiwa watano lazima awepo wa kusema sasa tutoke.

Nianze na kukaa kwake, au niseme kutokukaa. Mtu huyu hakujua kukaa. Alikula amesimama, tena anatembea, sahani mkononi, ukimpa kiti anakiwekea mguu. Alipokuwa anafundisha, vijana walikuwa wakizungusha shingo kama watu wanaotazama mpira. Alianza barua akaacha, akaenda kutazama mafuta ya gari, akarudi kwenye barua, akaniuliza maharage yamefikia wapi. Mke wangu Mama Limi alisema kumtazama tu kulimchosha miguu. Nilimwuliza siku moja anakimbilia wapi. Akasema, sijui Baba Limi, lakini nikisimama nasikia kama kuna mlango mahali fulani unafungwa.

Sasa umpe mtu wa namna hiyo siku nzima ya kupumzika kwa sheria. Jumamosi yake ilianza Ijumaa jua likizama, na tangu hapo asiendeshe gari, asiandike, asiwashe moto, asifunge fundo. Kwa wengine ni raha. Kwake ilikuwa kama jela, na aliipenda jela hiyo kuliko kitu chochote. Alivaa shati jeupe, akafunga mikono nyuma, akazunguka kambi tangu asubuhi. Kijia kilichimbika kando ya uzio kwa miguu yake peke yake.

Na uzio wenyewe nao una habari yake. Haukuwa uzio wa kuzuia mtu. Ulikuwa waya mmoja tu umepita juu ya nguzo za mti, unazunguka mahema, jiko na banda la sala. Alinieleza kwamba siku hiyo mtu wao haruhusiwi kubeba kitu nje ya nyumba yake, hata kitabu, hata kikombe, lakini mkizungushia waya namna ile mahali pote panakuwa kama nyumba moja, na walio ndani ni watu wa nyumba moja. Kila Ijumaa mchana aliukagua nguzo kwa nguzo. Mwaka wa kwanza mimi sikuwa nimeelewa vizuri. Nikaona waya mzuri umekaa bure, nikautoa upande wa nyuma nikautumia kuanikia samaki. Ijumaa akakagua, akafika kwenye samaki, akasimama. Hakunigombeza. Alinitazama, akamtazama sato, akasema, "Baba Limi, umetubomolea nyumba." Tulikimbizana na lile jua mpaka tukaurudisha, vijana wote wakishika nguzo. Na samaki wakaliwa, maana sato ana magamba. Kambale hakumtaka wala kumsogelea, kwa kuwa hana magamba. Hilo halikunishangaza. Kwetu kila ukoo una mwiko wake, na mtu asiye na mwiko ndiye wa kumwogopa.

Jikoni nilikuwa na sufuria za aina mbili. Zenye mstari mwekundu za nyama, zenye mstari wa bluu za maziwa, na hazikutani hata kwenye kuoshwa. Mama Limi aliyekuwa akinisaidia alikoroga nyama kwa kijiko cha bluu mara moja. Mwalimu akakichukua, akatoka nacho, akakifukia ardhini nyuma ya jiko kwa heshima zote. Baada ya miezi mingi alikuja nyumbani kwetu kumwona mtoto mgonjwa, tukampa uji, akakigeuza kijiko akakiangalia sana.

"Mama Limi," akasema, "hiki mimi nilikizika."

"Kimefufuka, Mwalimu," mke wangu akajibu, wala hakutabasamu.

Alicheka mpaka akakaa. Ni mara chache nilimwona amekaa.

Moto wa Jumamosi ndio uliotupa mchezo. Yeye hawashi, na sheria yake haimruhusu hata kuniambia mimi niwashe. Basi makaa yakizimika na chai ikapoa, alikuwa akija mlangoni kwa jiko, anatazama mawingu, anasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mawingu, naona jiko limelala. Mimi nakaa kimya makusudi. Anasema, asubuhi ya leo ina baridi kidogo. Nakaa kimya. Ndipo namwambia, Mwalimu, mimi nasikia baridi, nitajiwashia moto wangu, na kama chai yako itakuwa karibu na moto wangu itakuwa bahati yako. Alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu aliyeonewa, anaondoka kuzunguka tena. Na chai ile hakuinywa. Siku zote alimpa kijana mwenye homa, au akaiacha.

Kuhusu ualimu wake nitasema ukweli wote, mzuri na mbaya. Mzuri ni kwamba hakupenda maneno. Kijana akiuliza nani atachota maji, alimpa ndoo yeye aliyeuliza. Wawili wakigombana aliwaambia wakapike ugali pamoja, mmoja ashike mwiko, mmoja ashike sufuria, na ugali ukija na madonge wote hawali. Na kila kambi alimchagua mmoja akamvisha kofia yake, kofia ya turubai iliyopauka, na tangu hapo aliyevaa kofia ndiye mkubwa. Anaamsha watu, anagawa kazi, anaamua. Hata Mwalimu mwenyewe aliomba ruhusa kwake. Aliwavisha wavulana, akawavisha na wasichana, na hilo alijivunia. Alisema baba yake angetapika, lakini baba yake hakuchimba visima Usukuma, ambako ukitaka kujua maji yako wapi unawauliza wanawake.

Mbaya ni kwamba alipokwisha kutoa kofia hakuweza kuiachia. Siku moja aliwapeleka porini, ng'ambo ya Mhunze, akawaacha na dumu la maji, akawaambia warudi wenyewe kwa akili zao. Kisha akapaki Landrova nyuma ya vichaka akawafuata kwa kunyata, saa nne nzima. Walifika kambini wakiimba. Yeye akafika nyuma yao, miiba imejaa nywele, shati limechanika mgongoni, akajifanya anatoka chooni. Vijana waliangua kicheko, na mimi pia. Alitaka wasimame wenyewe, na wakisimama alipata homa.

Jambo jingine ni kuhesabu. Hakuhesabu watu. Kwetu pia ng'ombe hatuwanyooshei kidole tukawahesabu, na watoto ndiyo kabisa, kwa hiyo hapo tulielewana bila kuelezana. Lakini sala yao kubwa ilitaka wanaume kumi, waliotimiza miaka kumi na mitatu. Wakipungua kumi, wanasali, ila sehemu fulani wanaziruka, na sehemu mojawapo ni sala ya kumwombea marehemu. Kwa hiyo kabla ya kuanza lazima ajue wako wangapi. Alikuwa akiwapitia kwa macho, anasema: si mmoja, si wawili, si watatu. Akifika si kumi, anashusha pumzi.

Miaka ya kwanza alifika si kumi mpaka si ishirini. Kisha wakaanza kupungua. Familia zilikuwa zinahama, hii imekwenda huku, ile kule, biashara zimefungwa, mikataba ya kazi imekwisha. Kila kambi aliporudi kutoka stesheni kuwapokea, Landrova ilikuwa na nafasi zaidi. Na yeye alizidi kuzunguka.

Nafika sasa kwenye kambi ya mwisho, ambayo ndiyo inayonifanya nisimulie haya.

Mwanza kulikuwa na fundi saa, Myahudi, rafiki yake Mwalimu. Mke alikuwa amekufa zamani, amebaki na binti mmoja tu, hana mtoto wa kiume. Binti huyu alikuja kambini tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakijua kuliko mimi, na Kisukuma cha kutosha kumtania Mama Limi. Asubuhi alinipigia mwangaluka kabla ya shikamoo. Mwaka ule, masika, yule baba akafa. Alizikwa na watu waliopatikana, na waliopatikana hawakufika kumi. Kwa hiyo tangu azikwe, sala yake ilikuwa haijasemwa hata mara moja. Binti alikuja kambini kwa shughuli hiyo moja. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alhamisi alipofika, baada ya salamu, aliniambia, "Baba Limi, Jumamosi baba yangu atasaliwa. Upike vizuri."

Mwalimu alimpa kofia jioni ileile.

Alikuwa amepiga hesabu yake mapema, bila vidole. Wavulana waliotimiza umri walikuwa wanane. Yeye mwenyewe wa tisa. Wa kumi alikuwa mzee mmoja wa duka la vitambaa Tabora, aliyeahidi kuja kwa gari moshi. Ijumaa mchana ikaja simu ya maandishi: mguu wa mzee umevimba, haji. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama kwenye jua, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Kisha akakagua waya mara mbili.

Mimi nilimwonea huruma. Nikamfuata nikamwambia, Mwalimu, nihesabu mimi, nitakaa kimya nyuma, nani atajua. Akaweka mkono begani kwangu. Akasema mimi ni mtu mzima kuliko wengi, ila kuna anayejua. Nikamwambia hata padri wangu angesema hivyohivyo, na ndiyo maana sikumaliza shule.

Jumamosi asubuhi wakakusanyika kwenye banda, ambalo halikuwa na kuta, kwa hiyo kutoka jikoni niliona yote. Mwalimu akawapitia kwa macho. Si mmoja, si wawili. Akafika si tisa, akaishia hapo. Vijana wakatazama chini. Binti alikuwa amesimama mbele na kofia yake kichwani, ametulia, kama mtu ambaye hesabu yake imetimia.

Mwalimu akakohoa. Akasema kulikuwa na njia. Pale alikuwapo mtoto wa miaka kumi na miwili, mdogo wa mmoja wa wale wavulana. Akasema wazee wengine wa zamani, shida ikizidi, walikubali mtoto ashike kitabu kitakatifu mkononi, na akikishika anahesabiwa kuwa wa kumi. Akampa mtoto kitabu.

Binti akakitazama kile kitabu. Akaongea Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wote pale, wa Kampala na wa Moshi, waliielewa.

"Huyu jana nimemfunga kamba za viatu," akasema.

Vijana wawili wakacheka, wakaacha.

Mwalimu akasema si yeye aliyeitunga sheria. Akasema aliipokea, na aliyempa aliipokea. Alikuwa amekwisha kuanza kutembea, hatua tatu huku, tatu huku.

"Mwalimu, tangu juzi nani amewaamsha hawa?"

"Wewe."

"Nani kawapangia kazi? Nani kakuruhusu wewe mwenyewe uende stesheni jana kumngoja mzee?"

"Wewe, mwanangu."

"Basi mimi ni mtu wa nyumba hii au ni mgeni? Kama ningekuwa mgeni ungeniambia mlangoni. Anayesaliwa ni baba yangu. Nimekuja kutoka Mwanza, sina kaka, na kitabu umempa mtoto."

Yule mtoto akawa mwekundu mpaka masikioni. Akakiweka kitabu mezani polepole, kama kitu cha moto, akasema yeye hataki, mkubwa wao ni dada. Akarudi nyuma ya kaka yake.

Binti akavua kofia, akaiweka mezani kando ya kitabu. Akasema kiongozi wa kambi anaamua waanze, na kama Mwalimu ana neno aseme sasa.

Mwalimu aliitazama meza. Mtu huyu niliyemsikia akibishana na machifu, na madereva, na mwamba wenyewe chini ya ardhi, alitazama kofia, akatazama kitabu. Akatoka bandani. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye waya, nyuma ya pipa la maji, akasimama hapo ametupa mgongo.

Bandani wakabaki wanatazamana. Yeye akiondoka, hata wakimhesabu binti, wanakuwa tisa. Lakini ameondoka au hajaondoka? Walimwona mgongo tu, na nguzo, na waya. Toka pale bandani huwezi kusema kama amesimama huku au kule. Kijana mmoja mrefu wa Nairobi akasema kwa sauti ndogo, "Anza, dada."

Akaanza. Sikuijua lugha ile, lakini sala ya kufiwa haifichiki. Alisema maneno, akatua, wavulana wote wanane wakaitika Amina. Akasema tena, wakaitika.

Mimi nilikuwa kwenye pipa, najaza birika. Kati yangu na Mwalimu palikuwa na hatua tano. Vidole vya buti zake vilikuwa vimegusa nguzo kwa upande wa ndani. Ndani kabisa. Na kila wavulana walipoitika, yeye naye aliitika. Alisema chini chini, kama mtu anayezungumza na ukuta, lakini alisema, kila mara, mpaka mwisho, na mabega yalikuwa yanaruka.

Alipogeuka akanikuta. Uso ulikuwa umelowa.

"Wewe ni mpishi, Baba Limi," akasema. "Umesikia sufuria tu."

"Nimesikia sufuria, Mwalimu."

Siku ile iliyobaki alizunguka kwenye kile kijia chake, na binti hakumtazama. Jumapili wakaanza kupakia. Binti alikuja jikoni kumuaga Mama Limi, wakakumbatiana. Kisha akaja kwangu, akasimama karibu, akaniuliza kwa Kisukuma ili wenzake wasisikie, Mwalimu alikuwa ndani au nje. Ninayakumbuka macho yake. Hakuwa anauliza kwa ugomvi. Alikuwa anauliza kama baba yake alisaliwa au hakusaliwa.

Nikamwambia mimi nilikuwa jikoni.

Nitafanyaje, ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na watoto watatu na mtu aliyeniajiri alikuwa ameniomba. Naweza kusema nilitunza siri yake. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia kati ya watu na sala zao, na kazi niliitaka. Akasema ahsante, Baba Limi, akapanda Landrova. Kofia aliiacha mezani.

Kambi nyingine haikuwapo. Wale vijana walisambaa dunia nzima na wazazi wao. Mwalimu alikaa mwaka mmoja zaidi, akavuta mashine yake kwenda magharibi, na waya ule watu waliuchukua, mwingine akafungia mlango wa zizi. Mimi nikarudi Geita.

Miaka ya themanini ilikuwa imeshaanza, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari. Nilikuwa na mgahawa mdogo wa mabati pembeni mwa mji, wachimbaji wanakuja asubuhi kabla ya kwenda shimoni, wengine wametoka mpaka Bulyanhulu wakifuata uvumi wa mwamba mpya. Alhamisi moja, saa tatu hivi, wameshaondoka, nafuta meza, nikasikia mtu mlangoni anasema mwangaluka. Mzee, amekonda, amebeba mkoba wa turubai, buti zimeraruka. Nilimjua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Akakiwekea mguu. Nikampa chai isiyo na sukari, akainywa akitembea kati ya meza zangu nne. Alisema mashine aliuza, gari aliuza, siku hizi anatembea vijijini anawaonyesha watu mahali pa kuchimba, wachimbe wenyewe. Alimuulizia Mama Limi. Alimuulizia Limi, nikamwambia kaolewa. Ila lile jambo likawa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu. Nikaona nikinyamaza tena nitakufa nalo.

"Mwalimu, yule binti wa fundi saa. Jumapili ile aliniuliza kama ulikuwa ndani au nje."

Akasimama. "Aliuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia nilikuwa jikoni."

Akakaa. Alikaa vizuri, makalio yote kwenye kiti, mikono juu ya meza. Alikaa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Nilidhani alishamalizana na mimi," akasema. "Nilidhani kwake niliondoka siku ile, basi." Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa nilikuwa nimeshaifuta. "Kwa hiyo miaka yote hii anajua walikuwa tisa."

"Ndivyo anavyojua."

"Na baba yake hakusaliwa."

Nikamwambia ninachokijua: kwamba Mama Limi alikutana naye Mwanza mwaka uliopita, ni muuguzi, hakuhama na wenzake, anakaa kulekule kwenye nyumba ya marehemu, na alimsalimia vizuri.

Akauliza leo ni siku gani, ingawa mtu yule hakuwahi kupotewa na siku. Nikamwambia Alhamisi. Akatazama nje, barabara ya kwenda kivukoni, nikamwona anapiga hesabu ya jua. Akasema akipata lori mpaka Busisi, akavuka leo au kesho asubuhi, atakuwa Mwanza kabla Ijumaa haijazama.

Akainuka. Akafika mlangoni, akarudi.

"Nitamwambia nini?"

Huyu ndiye aliyefundisha watu kusimama na kusema. Nikamwambia, mwambie ulikuwa ndani.

"Na kwamba nilimhesabu."

"Na hilo, Mwalimu. Usiongeze kitu."

Akageukia ukuta wa mabati, akasema kwa sauti ambayo angeweza kuisikia mtu aliyekuwa bandani siku ile, "Nilikuhesabu." Akatikisa kichwa, haikumridhisha. Akarudia. Mara ya tatu ikatoka vizuri, naye akaona imetoka vizuri.

Nikamwambia aache mkoba, ni mzito, atauchukua akirudi. Akauweka chini ya meza. Akasema, "Nakuja, Baba Limi," akatoka. Nilisimama mlangoni. Lori moja likapunguza mwendo, hakuliona, alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anatembea katikati ya barabara kwa haraka kama kijana. Akapita mashine ya kukoboa, akapita mti wa mwisho, barabara ikainama naye.

Hakurudi, na kama alifika Mwanza sikupata kujua.